Nimebadilishiwa sensa ya oksijeni, taa ya injini imerudi, fundi mwingine anasema sensa haikuwa na shida. Nidai vipi?

Mwendo_Pole:

Wakuu habari zenu, naomba ushauri na naomba mnisome mpaka mwisho maana stori ina kona.

Gari yangu ni ya petroli, silinda nne, haijawahi kunisumbua. Wiki kama tatu nyuma taa ya injini ikawaka, halafu nikaanza kuona ikiwa sailensa, yaani injini inawaka ila gari imesimama na sijakanyaga mafuta, inatetemeka kama inataka kuzima, ila ukishika mwendo inatulia kabisa mpaka unasahau. Nikaipeleka gereji moja kubwa tu, wana mapokezi, wana mashine za kupimia, nikasema hapa nimefika. Wakachomeka mashine, dakika tano hazijaisha nikaambiwa imetoa namba P0171, sensa ya oksijeni imekufa. Nikalipia kupima, nikalipia sensa mpya, nikalipia ufundi. Taa ikazimwa nikaondoka.

Siku ya tatu taa hii hapa. Na ule mtetemo kusema kweli haukuwahi kuisha, nilijipa moyo tu. Narudi kwao, wanachomeka tena, namba ile ile, sasa naambiwa yatakuwa masega yameziba, yaani kile kifaa cha kwenye eksozi kinachosafisha moshi. Bei waliyonitajia ya masega nikawaambia ngojeni kwanza nijipange.

Nikaenda kwa fundi mwingine. Huyu akakaa na gari karibu saa nzima, akasikiliza, akaangalia mashine huku injini inaunguruma, mwisho akapuliza moshi kwenye njia ya hewa na moshi ukatokea chini ya manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwenye silinda, kuna kimpira cha hewa kimekauka kimepasuka kwa upande wa chini usioonekana. Akakibadilisha, gari imetulia tuli, wiki ya pili sasa taa haijawaka.

Swali langu, hela ya kule kwa mwanzo nina haki ya kuidai au ndiyo imeenda? Na kama ninadai naanzaje bila kugombana maana nikifikiria tu nasikia mikono inatetemeka.

SpanaKumi:

Pole sana kaka. Mimi ni fundi na naongea hili kwa uchungu maana linatuharibia kazi sote.

P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema upande wa kwanza wa injini hewa ni nyingi kuliko mafuta, basi. Na aliyepeleka hiyo taarifa ni nani, ni sensa hiyo hiyo ya oksijeni. Yaani sensa yako ilikuwa inafanya kazi yake vizuri, inapiga kelele kwamba kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, wao wakamng'oa mjumbe wakaweka mjumbe mpya, na yeye akasema maneno yale yale. Mjumbe hauawi.

Kupima kwenyewe kulikuwa kunawezekana palepale na mashine waliyokuwa nayo mkononi. Kompyuta ya gari inaonyesha kwa asilimia inaongeza au inapunguza mafuta kiasi gani. Gari isiyo na tatizo inacheza karibu na sifuri, 5 juu 5 chini hakuna wa kushtuka. Ukiona ikiwa sailensa inaongeza asilimia 20 na kitu, halafu ukikanyaga mpaka mizunguko 2500 kwa dakika inashuka inarudi karibu na kawaida, hapo hewa inavuja baada ya sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini, kwa sababu tundu lile lile dogo ukiwa sailensa ni sehemu kubwa ya hewa yote inayoingia ila ukikanyaga linakuwa si kitu. Ikiwa kinyume, sailensa nzuri ila unavyokanyaga ndo inazidi kuongeza, hapo waza pampu ya mafuta, filta, au sensa ya hewa imechafuka. Na wewe dalili ulishawapa kwa mdomo wako, inatetemeka ikiwa imesimama inatulia kwenye mwendo! Hilo tu lilitosha kumtuma fundi kwenye mipira kabla ya kugusa spana.

Na masega wameyatoa wapi? Masega yakichoka namba yake huwa P0420, na hata ikitoka hiyo bado unapima kwanza kama eksozi haivuji kabla ya kumuuzia mtu masega.

Dada_Usukani:

Kaka Mwendo_Pole usikate tamaa, mimi nilidai na nilirudishiwa sehemu, ngoja nikupe nilivyofanya.

Yangu ilikuwa haiwaki asubuhi. Nikauziwa betri. Wiki haijaisha, kimya tena asubuhi, nikaambiwa basi ni altaneta, ile inayochaji betri, nikabadilishiwa na hiyo. Bado. Aliyekuja kulitatua alitumia mita ya kawaida tu, betri imepumzika inasoma 12.6, ukiwasha inapanda 14.2, akasema dada hapa betri na chaji vyote vizima, kuna kitu kinanyonya usiku. Akapima gari ikiwa imelala, ilitakiwa isizidi miliampia 50 hivi ila yangu ilikuwa mara kumi ya hapo. Akatoa fyuzi moja moja mpaka akafika kwenye taa ya buti, ilikuwa haizimi ukifunga. Taa ya buti jamani, na mimi nimeshanunua altaneta.

Nilichofanya, kwanza sikwenda siku ile ile, nilikuwa na hasira na ningeharibu. Nikamuomba fundi wa pili aniandikie kwenye karatasi alichokikuta, alichopima na namba alizosoma, na nikapiga picha. Kisha nikaenda na risiti zote asubuhi mapema kabla hawajazongwa na wateja, nikaomba kuonana na mwenye gereji, siyo fundi aliyenihudumia, maana fundi atajitetea tu na ana haki ya kuogopa kazi yake. Sikusema mmeniibia. Nikauliza swali moja, naomba mnionyeshe kipimo kilichoonyesha altaneta ni mbovu. Hakikuwepo. Akabaki anageuza geuza risiti. Hapo ndo mazungumzo yakaanza.

Altaneta hawakuipokea, ilishafungwa na vifaa vya umeme vikishafungwa wengi hawarudishi, ila hela ya ufundi ya mara zote mbili walinirudishia yote na ya kupima pia. Kwa hiyo jiulize kabla hujaenda unataka nini hasa. Ukienda unataka kila kitu pamoja na usumbufu utatoka mikono mitupu.

Mzee_wa_Gia:

Vijana mnakimbilia kumhukumu fundi. Nimeshika spana miaka mingi na nawaambia gari moja inaweza kuwa na ugonjwa zaidi ya mmoja, unaondoa wa kwanza ndo wa pili unaonekana, hapo hujadanganya mtu. Na wateja nao wanachangia. Mtu anakuja ameshaangalia video, anakuambia badilisha kitu fulani, ukimwambia nipe saa mbili nipime nilipwe hata nisipobadilisha kitu anakasirika anasema kupima tu hela yote hiyo. Wengi hawataki kulipia akili, wanataka kulipia chuma. Sasa Mwendo_Pole nikuulize kwa heshima, siku unafika uliwaambia nini?

Mwendo_Pole:

Mzee shikamoo. Nitasema ukweli, niliwaambia inatetemeka na taa imewaka, nikaongeza kwamba kuna mtu kaniambia huwa ni sensa ya oksijeni. Sikuwaambia badilisheni, ila nililisema.

SpanaKumi:

Mzee wangu shikamoo, hilo la wateja kukataa kulipia kupima ni kweli tupu na mimi linaniumiza kila wiki. Ila huyu alilipia kupima. Iko kwenye risiti. Mgonjwa akikuambia nadhani ni malaria wewe daktari bado unapima damu.

Kitu kingine Mwendo_Pole, na wengine mnaosoma. Usidanganyike na taa kuzimwa. Kuzima taa kwa mashine ni kufuta kumbukumbu tu. Makosa mengi kama hilo la kwako kompyuta inasubiri ilione safari mbili zikifuatana ndo iwashe taa, kwa hiyo gari bovu linaweza kutoka gereji dashibodi safi na likakaa hivyo siku mbili tatu. Na wakifuta wanafuta na ushahidi, kosa likiingia kompyuta huwa inatunza hali ya injini ya dakika ile, mzunguko, joto, mafuta yalikuwa yanaongezwa asilimia ngapi. Siku nyingine waambie kabla hamjafuta chochote naomba nipige picha skrini. Au nunua kile kisomeo kidogo cha simu, soketi ni ile ile, magari ya soko la Marekani toka modeli ya 1996 na ya petroli ya Ulaya toka 2001 lazima yawe nayo.

Ila kama taa INAPEPESA siyo kuwaka tu, hapo usiendelee kuendesha, injini inamisi vibaya, yaani kuna silinda haichomi mafuta, petroli isiyoungua inaenda kuunguza masega na hayo masega utayanunua kweli.

Mzee_wa_Gia:

Marahaba. Kama alilipia kupima na hawakupima, hapo sina la kuwatetea. Mwanangu nenda, ila hela ya sensa waachie, ile nayo huchakaa kwa umri na sasa una mpya. Dai ya kupima na ufundi. Na waombe sensa yako ya zamani, ni mali yako.

Mwendo_Pole:

Wakuu mrejesho. Nimeenda leo asubuhi na karatasi ya fundi wa pili na picha ya kile kimpira. Nimeuliza swali la Dada_Usukani vile vile, ni kipimo gani kilionyesha sensa ni mbovu. Meneja akamuita fundi, kijana akasema ukweli mbele yangu kwamba alisoma namba na kwa uzoefu huwa ni sensa. Hakubishana, na kwa hilo nimemheshimu.

Wamerudisha hela ya kupima yote na nusu ya ufundi. Sensa ya zamani walishaitupa. Nimeomba hiyo nusu nyingine, meneja amesema mwenye gereji amesafiri atarudi Jumatatu, nitakuwa pale Jumatatu.