Pokémon Scarlet na Violet: gemu inajua fika kuwa huyo ni shaini, kwa nini inatuficha?

Wakuu, hili tuliseme wazi maana limevumiliwa mno. Kwenye Scarlet na Violet, shaini (yule Pokémon adimu mwenye rangi tofauti na wenzake) anatokea porini, anazurura mbele ya macho yako, na gemu iko kimya. Hakuna mlio wala nyota. Nyota zinamwagika ukishamgusa na pambano likaanza. Yaani sauti ipo, michoro ipo, kazi yote ilishafanyika, halafu ikawekwa mahali ambapo haikusaidii kitu, kwa sababu ukifika hapo ulishamwona mwenyewe.

Na mtu asije na hoja ya ugumu wa kiufundi. Legends: Arceus, gemu nyingine ya Pokémon, ilitoka Januari 2022, na mle shaini akitokea karibu unasikia mlio hata kama umempa mgongo. Scarlet na Violet zikafuata Novemba mwaka uleule, bila mlio. Kitu kilichokuwa kinafanya kazi kimeondolewa makusudi.

Ushahidi mnao mkononi kila siku: kitufe cha R. Ukimtuma Pokémon wako kwa R, anawapiga wa porini mmoja baada ya mwingine bila wewe kuingia kwenye pambano. Mwelekeze kwa shaini uone: anagoma, hamgusi kabisa. Kwa hiyo gemu imeshamtambua yule kiumbe, na imeshamwambia mpaka Pokémon wako. Asiyeambiwa ni wewe uliyeshika kontrola.

Sasa angalieni gharama ya huo ukimya. Kwa kawaida nafasi ya kiumbe kuwa shaini ni 1 kwa 4096. Ukienda kwenye mfumuko, yaani pale aina moja inapojazana sehemu moja na ramani ikakuonyesha, ukiangusha 30 unapata bahati nasibu moja ya ziada, yaani kila kiumbe anayetokea anajaribiwa mara mbili badala ya moja. Ukifika 60 za ziada zinakuwa mbili, sawa na 1 kwa 1365. Sandwichi unayotengeneza ndani ya gemu, ikiwa na Sparkling Power (nguvu ya kuvuta shaini) ya ngazi ya 3, inaongeza tatu: 1 kwa 683. Ukiwa na Shiny Charm, hirizi ambayo huipati mpaka ujaze Pokédex (orodha ya Pokémon) ya Paldea yenye aina 400, zinaongezeka mbili na unafika 1 kwa 512. Kwa mfumuko wa kawaida, hapo ndipo kwenye kilele. Na hata hapo, ukiangalia viumbe 512 bado kuna takribani asilimia 37 kwamba hukupata hata mmoja. Ukitaka uhakika wa asilimia 95, uangalie kama 1530. Kwa macho! Huku sandwichi inadumu dakika 30 tu.

Hiyo sandwichi nayo si ya kuchezea. Inadai Herba Mystica mbili, viungo adimu vya gemu, na hizo zinatoka kwenye reidi (mapambano ya pamoja dhidi ya Pokémon mwenye nguvu) za nyota 5 na kuendelea, tena kwa kubahatisha. Ukishazipata, kiungo kingine ndicho kinachoamua ni Pokémon wa asili gani (type) watakaoguswa na nguvu hiyo: nyanya kwa Fairy, kitunguu chekundu kwa Ghost. Kipande kikidondoka nje ya mkate hakihesabiwi, kwa hiyo weka taratibu.

Sehemu inayoniuma kuliko zote ni pikiniki, yaani ile kambi unayofungua porini na kutengenezea sandwichi. Kila mwindaji anajua kuwa njia ya haraka ya kubadilisha viumbe waliokuzunguka ni kufungua pikiniki na kuifunga: wote wanafutika, wanakuja wapya. Wote, na shaini akiwemo. Kama alikuwa nyuma ya jiwe, au mteremko ulimkinga, umemfuta kwa mkono wako na hutajua milele. Mlio wa nusu sekunde ungemwokoa. Wala kuhifadhi mchezo ukiwa umesimama mbele yake hakusaidii. Ukiuwasha upya, waliokuwa porini hawarudi walewale. Ukimwona, mkamate kwanza ndipo uhifadhi.

Halafu kuna aina ambazo hata macho mazuri hayatoshi. Garchomp wa kawaida na shaini wake wanapishana kidogo sana. Gengar vivyo hivyo. Tandemaus ni mweupe, shaini wake ni mweupe wa maziwa. Jua la jioni la gemu likipiga, kundi zima linakuwa na rangi hiyohiyo, na hapo unabaki kukodoa macho. Flabébé na Joltik wana urefu wa mita 0.1, nyasi zinawameza. Walio mbali wanasogea kwa kukatakata. Na msisahau kuna wachezaji wasiotofautisha rangi vizuri: kwao uwindaji wa kutegemea rangi pekee ni mlango uliofungwa.

Jambo la pili, dogo kidogo ila la hovyo vilevile: kaunta. Gemu inataka uangushe 60 lakini haikuonyeshi umefika wangapi. Unahesabu mwenyewe, aina nyingine ikijichanganya hapo haihesabiwi, ukipoteza hesabu unaongeza chache kwa usalama. Ukizidisha sana, mfumuko unaisha, na hukujua tangu mwanzo ulikuwa na viumbe wangapi. Saa sita usiku kwa saa ya konsoli, mifumuko yote inabadilika.

Mpaka warekebishe, fanyeni hivi. Zimeni hifadhi ya kiotomatiki. Angusheni 60, wekeni 4 au 5 za ziada, hifadhini mchezo, ndipo mtengeneze sandwichi. Dakika 30 zikiisha bila shaini, funga gemu bila kuhifadhi na uwashe upya: Herba zako zinarudi, na hesabu ya mfumuko ipo palepale. Kwa aina zenye rangi za kufanana, kabla hujafungua pikiniki mtume Pokémon wako kwa R kwa kila unayemtilia shaka. Ila kumbuka, asiye shaini ataanguka, na mfumuko unapungua, kwa hiyo usiitumie ovyo kundi zima. Anayegomewa, huyo ndiye.

Najua kuna watakaosema kutafuta kwa macho ndiyo raha yenyewe. Sawa, wabaki nayo. Tunachodai ni swichi moja kwenye mipangilio: mlio wa shaini, washa au zima. Anayetaka kimya azime.