Paipu ya breki imeliwa na kutu, Corolla 110 ya mzee. Naomba ushauri kabla sijagusa

Mkazi wa Raskazone
Wakuu, habari za jioni. Gari ni Corolla 110 ya mwaka 1998, ya baba yangu, hapa Tanga. Tunakaa karibu na bahari na gari linalala nje. Wiki hii pedeli ya breki imeanza kuzama. Unakanyaga inashika, ukiendelea kuiegemea inashuka taratibu mpaka karibu na kapeti. Maji ya breki nimeongeza juzi, jana yamepungua tena.

Leo nimeingia uvunguni na tochi. Paipu inayokwenda nyuma, pale inapopita karibu na tangi la mafuta, imevimba kutu kama gome la muarobaini. Nimekwangua kwa ukucha, kipande kikabanduka, na chini yake pamelowa. Fundi wa mtaani anasema atakata pale pabovu aunganishe paipu ya friji, elfu kumi na tano tu. Spana ninazo, jeki ninayo, nataka kuifanya mwenyewe hapa nyumbani. Inawezekana? Na hiyo ya friji ni sawa? Baba ndiye anayempeleka mama kliniki na gari hili.

Spana Kumi
Mkuu, gari lisitoke getini. Hata kwenda gereji, fundi ndiye aje. Na kutu hiyo si ya Tanga peke yake: gari likiwa limetumika sehemu za theluji kama Hokkaido, barabara za huko humwagiwa chumvi, linashuka bandarini uvungu umeshaanza kuliwa.

Mtoto wa Ngamiani
Mbona watu wanaweka ya friji kila siku? Yangu ina miezi minne, inashika vizuri tu.

Fundi Mstaafu
Kijana wa Ngamiani, tafadhali itoe. Nakuomba kwa dhati. Ukikanyaga breki kwa nguvu, mgandamizo ndani ya paipu unaweza kupita bar 70. Tairi lako lina kama bar 2 na kidogo. Paipu ya friji ni shaba tupu, inachoka kwa mtikisiko, inapasuka pale karibu na nati. Halafu kifaa cha mafundi friji kinapanua mdomo wa paipu mara moja tu, wakati Toyota inataka mdomo uliokunjwa mara mbili.

Mkazi wa Raskazone, inawezekana, ila usiunge kiraka. Badilisha paipu nzima, kutoka kiungo hadi kiungo. Ulizia paipu ya breki ya shaba iliyochanganywa na nikeli, kipenyo cha nje milimita 4.75. Haishiki kutu, na inapindika kwa mkono. Nati zake ni za spana 10, lakini tumia spana ya paipu, ile yenye mdomo unaokumbatia nati karibu yote. Spana ya kawaida itakula kona. Paka mafuta ya kulainisha kutu usiku, fungua asubuhi.

Na kumbuka: nati huingizwa kwenye paipu KABLA ya kukunja mdomo. Kila anayejifunza hulisahau hilo. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi.

Mwisho toa upepo kwenye paipu za breki ukianzia gurudumu la mbali na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli): usukani wa kulia, anza nyuma kushoto. Kikopo cha maji ya breki kisikauke hata mara moja. Tumia maji ya breki ya DOT 3 mapya, yaliyofungwa. Yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji hapo hapo.

Mama Wawili
Mwanangu, msikilize mzee. Mimi paipu ilinipasukia nikitoka Lushoto kushuka Mombo, watoto wako nyuma. Pedeli ilikwenda chini kama nakanyaga hewa. Nilishusha gia, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, nikaliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima. Mpaka leo nikifika Soni mikono inatoka jasho.

Mkazi wa Raskazone
Shikamoo fundi, na pole sana mama. Narudi na majibu. Nati ya nyuma iligoma kabisa, nikaikata paipu kwenye shingo ya nati, nikaingiza soketi ya pembe sita, ikatoka. Mdomo wa kwanza niliukunja ukaenda upande, nikakata, wa pili ukakaa sawa. Paipu ya pembeni yake nayo ilikuwa na vishimo, nimebadilisha zote mbili. Mama alikanyaga pedeli, mimi nikifungua na kufunga nati ya kutolea upepo, mpaka mapovu yakaisha. Sasa inasimama juu na haizami. Nililaza boksi jeupe chini ya gari usiku kucha, asubuhi lilikuwa kavu, halina hata tone.

Fundi Mstaafu
Marahaba. Umefanya kazi safi. Kagua na zile hosi za mpira kwenye magurudumu, ukizipinda zikionyesha nyufa zitoe. Jaribu breki kwanza uani, polepole. Ukishatembea kilomita 50 hivi, rudi uvunguni, futa kila kiungo kwa kitambaa kikavu, kisha angalia kiwango kwenye kikopo.

Mtoto wa Ngamiani
Mzee, yangu nimeisimamisha. Hiyo spana ya paipu naweza kuazima?

Mkazi wa Raskazone
Njoo uichukue kwangu Jumamosi asubuhi kaka. Usije unaendesha.