Dripu ya mifupa kwa wazee: zoledroniki, ibandroneti, pamidroneti au sindano ya denosumabu? Tulinganishe usalama na gharama

Nyonga_Mbarara
Habari za jioni wakuu. Naomba tulinganishe dawa za osteoporosisi (mifupa kudhoofika na kuvunjika kirahisi) zinazopita mshipani, pamoja na ile ya kuchomwa chini ya ngozi. Mfano wa kufanyia kazi: mama wa miaka 76, kilo 47, ameanguka akiwa amesimama tu na nyonga ikavunjika. Upasuaji umefanyika wiki iliyopita. Anaishi kijijini nje ya Mbarara, Uganda, familia inalipa mfukoni. Kreatinini (taka ya damu inayoonyesha hali ya figo) ni 98 µmol/L na karatasi ya maabara imeandika kuwa ni kawaida. Vidonge vya alendroneti alijaribu zamani, vikamletea kiungulia kikali. Kipimo cha DXA (eksirei ya kupima madini ya mifupa) hana. Ipi inamfaa, na ipi itageuka ghali kuliko inavyoonekana dukani?

Mfamasia_Jinja
DXA isikucheleweshe. Mtu wa umri huo akivunjika nyonga kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, mvunjiko wenyewe ni ushahidi wa kutosha kuanza matibabu. Nauli ya kwenda kutafuta mashine hiyo Kampala heri iingie kwenye dawa.

Kwa kifupi chaguo ni hizi. Asidi ya zoledroniki, 5 mg kwa dripu, mara moja kwa mwaka. Ibandroneti, 3 mg, inasukumwa mshipani kwa sekunde 15 hadi 30, kila miezi 3. Pamidroneti, ambayo kwa osteoporosisi hutumika nje ya kibali chake, dripu ya saa kadhaa kila miezi 3. Denosumabu, 60 mg chini ya ngozi, kila miezi 6.

Kwa nyonga, ushahidi mzito uko kwa mbili tu. Utafiti mkubwa wa zoledroniki uliotoka 2007 ulionyesha mivunjiko ya pingili za mgongo ikipungua kwa 70% na ya nyonga kwa 41% ndani ya miaka 3. Wa denosumabu wa 2009 ulitoa 68% na 40%. Ibandroneti imethibitika kwa mgongo, lakini kwa nyonga haijathibitika. Pamidroneti ndiyo dhaifu kuliko zote kwa ushahidi wa mivunjiko. Kwa hiyo mama aliyekwisha kuvunjika nyonga, mimi ningebaki na zoledroniki au denosumabu.

Daktari_wa_Wazee
Mfamasia amesema vizuri, ila kabla ya kuchagua tazameni figo. Neno "kawaida" kwenye karatasi ya maabara limewapoteza wengi. Mizani ya zoledroniki ni uwezo wa figo kusafisha kreatinini, na huo unahesabiwa hivi kwa mwanamke: 140 toa umri, zidisha kwa kilo, zidisha kwa 1.04, gawanya kwa kreatinini. (Mwanaume weka 1.23 badala ya 1.04.)

Kwa huyu mama: 140 toa 76 ni 64. Mara 47 ni 3,008. Mara 1.04 ni takribani 3,128. Gawanya kwa 98 unapata 32, yaani mililita 32 kwa dakika. Zoledroniki hairuhusiwi chini ya 35. Bibi mwembamba ana misuli michache, kwa hiyo kreatinini yake huonekana ya kupendeza hata figo zikiwa zimechoka. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi baada ya watu kufa kwa figo kufeli kufuatia dripu hii, na hatari ilikuwa kwa watu wa aina hii hii: wazee, figo dhaifu, upungufu wa maji mwilini, dawa nyingine zinazoumiza figo.

Nyonga_Mbarara, anatumia dawa gani nyingine?

Nyonga_Mbarara
Asante daktari. Anachomwa diklofenaki ya maumivu tangu upasuaji. Na yuko kwenye TLD (kidonge cha ARV chenye tenofovia, lamivudini na dolutegravia) kwa miaka kadhaa.

Daktari_wa_Wazee
Basi picha imebadilika, na bado haijafungwa.

Diklofenaki ikome leo, apewe parasetamoli. Ikishindwa, muulizeni daktari wa wodi dawa nyingine isiyogusa figo. Anywe maji ya kutosha. Rudieni kreatinini baada ya wiki 2. Kwa umri na uzito wake, ikishuka hadi 89 au chini, hesabu inafika 35 na mlango wa zoledroniki unafunguka. Hapo hampotezi muda wowote, maana faida ya dripu hii baada ya upasuaji wa nyonga ilionekana kwa waliopewa kuanzia wiki 2 na kuendelea. Ule utafiti wa waliovunjika nyonga, nao wa 2007, ulionyesha mivunjiko mipya ikipungua kwa 35% na vifo kwa 28%. Ndiyo maana sipendi aachwe hivi hivi.

TLD ina mambo mawili. Dolutegravia hupandisha kreatinini kidogo kwa kuzuia itolewe kwenye mkojo, bila figo kuumia. Kwa hiyo sehemu ya ile 98 inaweza kuwa ya uongo. Lakini msitumie hilo kujipa ruhusa, kwa sababu tenofovia iliyo ndani ya kidonge hicho hicho inaweza kuumiza figo kweli na kupunguza madini ya mifupa. Pimeni damu kwa fosfeti (madini ya mifupa) na alkalini fosfatasi (kimeng'enya cha mifupa na ini). Fosfeti ikiwa chini na alkalini fosfatasi juu, huenda mifupa ni laini kwa kukosa madini, na huo si ugonjwa wa kutibiwa kwa dripu hizi. Ukimpa zoledroniki mtu wa namna hiyo, kalsiamu ya damu itaporomoka. Klinika yake ya ARV ijulishwe mapema. Wao ndio wa kuamua kama tenofovia ibadilishwe.

Mfamasia_Jinja
Naongezea la TLD na vidonge vya kalsiamu, maana hapa makosa ni mengi. Kalsiamu na madini ya chuma hushika dolutegravia tumboni isinyonywe. Ama avimeze pamoja na chakula, vyote kwa wakati mmoja, ama TLD itangulie saa 2 kabla ya kalsiamu, au ije saa 6 baada yake. Anayekunywa TLD usiku apewe kalsiamu na chakula cha mchana, mambo yanakuwa mepesi.

Jumla ya kalsiamu iwe kama 1,200 mg kwa siku, chakula kikiwemo. Maziwa na mukene (dagaa) anayeliwa mzima na mifupa yake hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo; kidonge kijaze pengo tu.

Vitamini D msiipuuze. Kipimo chake ni ghali, na hapa kuna njia ya kuokoa pesa bila kuhatarisha mtu: katika ule utafiti wa nyonga, mgonjwa ambaye kipimo hakikupatikana alipewa vitamini D ya kuanzia, uniti 50,000 hadi 125,000, siku 14 kabla ya dripu. Kalsiamu ya damu yenyewe lazima ipimwe, pamoja na albumini (protini ya damu inayobeba kalsiamu). Albumini ikiwa chini ya 40 g/L, ongeza 0.02 mmol/L kwa kila gramu iliyopungua ili upate kalsiamu halisi.

Hesabu_za_Dawa
Upande wa fedha, watu wanauliza bei ya chupa moja halafu wanaamua. Hesabuni miaka 6.

Zoledroniki kila mwaka ni chupa 6 kwa mwenye hatari kubwa. Hatari ikiwa ya wastani, daktari anaweza kumpumzisha baada ya chupa 3, na dawa hubaki ndani ya mfupa ikiendelea kufanya kazi. Denosumabu ni sindano 12, na ukitaka kuacha bado unahitaji zoledroniki ya kufungia. Ibandroneti ni mara 24. Pamidroneti ni mara 24, na kila mara nusu siku kitandani. Kwa mtu wa kijijini kila mara ina nauli ya mgonjwa, nauli ya msindikizaji, chakula, kanula, mpira wa dripu, kreatinini na malipo ya klinika. Pamidroneti inayouzwa rahisi dukani huishia kuwa juu kabisa, tena kwa dawa yenye ushahidi mdogo.

Alendroneti ya 70 mg kwa wiki bado ndiyo rahisi kwa anayeweza kuimeza na kukaa wima nusu saa. Huyu mama hawezi, basi.

Bega_kwa_Bega
Zoledroniki ya 4 mg ndiyo iliyojaa mjini na bei yake ni nafuu. Kwa nini asipewe hiyo hiyo?

Mfamasia_Jinja
Chupa ya 4 mg ni ya wagonjwa wa saratani; iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2017 kwa kazi hiyo, ndiyo maana inapatikana zaidi. Molekuli ni ile ile. Utafiti wa 2002 uliompa mgonjwa 4 mg mara moja kwa mwaka ulionyesha madini ya mifupa yakipanda, lakini haukuwa na ukubwa wa kupima mivunjiko. Takwimu zile za 70% na 41% ni za 5 mg. Daktari akiamua 4 mg kwa sababu ya bei, ni uamuzi unaoeleweka, mradi aandike kwenye faili na familia ijue.

Hatari ni kwenye uchanganyaji. Chupa ya 5 mg huja ikiwa tayari imechanganywa ndani ya mililita 100. Ile ya 4 mg ni nzito, mililita 5 tu, na lazima iingizwe kwenye mililita 100 za salaini 0.9% au dekstrosi 5%. Kuisukuma moja kwa moja mshipani ni kuua figo. Kupata 5 mg kamili unahitaji mililita 6.25, yaani ufungue chupa ya pili na kumwaga sehemu kubwa. Hapo unafuu umekwisha.

Tena hakikisheni dawa imesajiliwa na NDA (mamlaka ya dawa ya Uganda), na namba ya toleo iandikwe kwenye kadi. Kama mgonjwa ana saratani, ulizeni kwanza kama hospitali ya saratani haimpi dawa hii hii.

Sista_Arua
Naomba niseme ya kitandani, siku ya dripu ya zoledroniki. Kwanza anywe glasi mbili za maji kabla. Ringa lakteti (aina ya maji ya dripu) isiguse mpira huo, ina kalsiamu na dawa itaganda. Mstari uwe wa peke yake.

Kibali kinasema si chini ya dakika 15. Kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, dakika 15 ni matone 133 kwa dakika. Hakuna jicho linaloweza kuyahesabu. Wekeni dakika 30: matone 67 kwa dakika, yaani 11 kwa kila sekunde 10. Shika saa, hesabu, kaza gurudumu, hesabu tena baada ya dakika 5, kwa sababu mgonjwa akikunja mkono na kuunyoosha kasi hubadilika. Kwa mzee mwenye figo za mpakani, dakika 30 ni za lazima kwangu. Mwisho pitisha salaini mililita 10.

Asipewe gentamisini siku hizo. Inaumiza figo na kushusha kalsiamu.

Denosumabu shida yake kwetu ni friji. Inataka nyuzi 2 hadi 8, isigande, na ikitoka haizidi siku 14 kwenye joto lisilozidi 25. Kuisafirisha kwa basi la usiku kutoka Kampala inahitaji boksi la baridi, na sindano isigusane na barafu. Zoledroniki inakaa kabatini.

Daktari_wa_Wazee
Sista, friji ni nusu ya tatizo. Denosumabu haitegemei figo, kwa hiyo kreatinini ya huyu mama ikikataa kushuka, ndiyo itakayobaki mezani, huku kalsiamu ikipimwa tena baada ya wiki 1 hadi 2. (Walio kwenye dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, wana hatari kubwa ya kalsiamu kuporomoka, Marekani iliweka onyo lake kali zaidi Januari 2024.) Lakini ikicheleweshwa kupita miezi 7 tangu sindano ya mwisho, kinga inayeyuka na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo. Familia isiyo na uhakika wa pesa kila miezi 6 isianzishwe bila mpango wa kutoka. Zoledroniki ikichelewa miezi 3 au 6, hakuna maafa ya namna hiyo. Utafiti wa 2018 kwa wanawake ambao mifupa yao haijadhoofika sana uliitoa kila miezi 18 na mivunjiko bado ilipungua. Kwa nchi isiyo na bima ya afya ya taifa, ambapo mavuno mabaya yanaweza kuahirisha dawa, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya bei.

Meno_Mbale
Mfupa wa taya kufa ni jambo la kweli, lakini kwa dozi za osteoporosisi ni mtu 1 kati ya 10,000 hadi 100,000 kwa mwaka. Jino bovu la kung'olewa ling'olewe kabla, fizi ijifunge, ndipo dripu. Kusafisha meno kwa kawaida kusicheleweshe mtu aliyevunjika nyonga. Na jamani, aliyekwisha kupata dripu akija na jipu la jino, msimfukuze. Jipu lenyewe ni hatari zaidi kwa taya.

Nyonga_Mbarara
Nimeelewa mpangilio. Swali moja la mwisho: akirudi kijijini na homa usiku ule, wafanye nini? Wataenda moja kwa moja kununua Coartem, dawa ya malaria.

Sista_Arua
Waambiwe kabla hajaondoka. Dozi ya kwanza, karibu mtu 1 kati ya 3 hupata homa, misuli kuuma na kichwa, mara nyingi ndani ya saa 36, na huisha kwa siku 3. Ya pili hushuka hadi kama 7%. Kwa kilo 47 apewe parasetamoli 500 mg kila saa 6, kuanzia siku ya dripu, siku 3. Diklofenaki na ibuprofeni hapana.

Malaria ipimwe kwa kipimo cha haraka, na itibiwe kipimo kikionyesha ipo. Homa ya dripu haizuii malaria kuwepo. Homa ikipita siku 3, arudi. Midomo au vidole vikifa ganzi, misuli ikikaza, jicho likiwa jekundu na kuuma, au mkojo ukipungua, arudi siku hiyo hiyo. Moyo ukidunda ovyo, vivyo hivyo. Na miaka ya mbele, maumivu ya paja au kinena yasiyo na sababu yapigwe eksirei ya paja zima, miguu yote miwili, kabla ya dripu nyingine.