Tupeane uzoefu: mliojenga programu mpya na ejenti za AI, ilikuwaje?

Jamaa wa Kondele

Niaje wadau. Naomba tupeane uzoefu hapa, wale tumejaribu kujenga programu kutoka mwanzo tukitumia ejenti za AI. Sisemi kuuliza swali ukapata jibu basi. Nasema zile unazifungulia folda yako zinasoma faili zenyewe, zinaandika, zinaendesha testi (majaribio ya kuona kama programu inatoa jibu sahihi), zikikosea zinarudi kurekebisha, na wewe uko kando unakubali ama unakataa. Naanza na yangu juu ilinichosha sana na ningetaka mtu mwingine asipite hapo.

Kuna chama cha akina mama wa soko la Kibuye, watu 34, waliniomba niwatoe kwa kaunta buku niwawekee mambo kwa simu. Wanachanga kila Jumatatu, wanakopeshana, na kuna faini. Nikakaa jioni moja nikaandika mistari mitatu tu, nitengenezee mfumo wa chama, michango, mikopo, ripoti. Dakika arobaini hivi kitu kikawa tayari, kina logini, kina grafu za rangi, kinapendeza kweli kweli. Jumapili nikampelekea mweka hazina, mama mtu mzima anauza mitumba, akakiangalia polepole halafu akaniuliza, "Nyathina, na mtu akilipiwa na bwanake, hii itajua pesa ni ya nani?"

Haikuwa inajua. Ejenti ilikuwa imeamua yenyewe kwamba namba iliyotuma M-Pesa ndiyo mwanachama. Na kwa chama hicho karibu nusu ya pesa hutoka kwa simu ya mtu mwingine, mtoto, bwana, jirani wa kibanda. Akaniuliza tena, na mtu akifiwa? Juu wiki ya matanga hutozwi faini, hiyo kila mtu Kibuye anajua na haijaandikwa mahali popote.

Nikaanza kuiambia rekebisha hapa, rekebisha pale, kila ikiziba shimo moja lingine linafunguka, na siku ya tatu salio za mikopo zikawa zimebadilika na siwezi kusema zilibadilika lini, manake sikuwa nimesoma hata robo ya kile iliandika na sikuwa nimekomiti, yaani kuhifadhi hatua, kwa Git (ile huweka historia ya kila badiliko) tangu siku ya kwanza. Huo ndio mtindo ambao Andrej Karpathy, mtaalamu wa AI, aliuita vibe coding Februari 2025, unaiachia mashine na unasahau kama msimbo (code) uko. Kwa kitu cha kuchezea wikendi sina neno. Kwa pesa za watu, hapana. Nikafuta kila kitu.

Mara ya pili nilirudi Kibuye nikakaa na yule mama siku mbili akinisomea kaunta buku ukurasa kwa ukurasa, na mimi naandika kila sheria venye yeye anaisema, kwa Kiswahili hicho hicho. Nikaipa ejenti hizo kurasa nikaiambia usiandike msimbo wowote, niulize swali moja moja mpaka usiwe na swali. Iliuliza maswali 23. Tisa sikuwa na majibu, ikabidi nimpigie mama. Moja lilikuwa hivi, mtu akilipa mkopo nusu, hiyo pesa inamaliza riba kwanza ama inapunguza deni lenyewe? Hilo wenyewe walikuwa hawajawahi kukubaliana miaka yote hiyo! Kila mtu alikuwa anahesabu kivyake. Wakalipeleka kwa mkutano wa Jumatatu wakapiga kura.

Baada ya hapo ikaandika mpango, mimi nikausoma nikakata vitu, ikaugawa kwa kazi ndogo ndogo, na kila kazi testi zinaandikwa kwanza, nasoma, nakubali, nakomiti, ndio tunaenda ile inafuata. Ilichukua wiki tatu. Sai ni mwezi wa tano wanaitumia na kaunta buku bado iko, kila mwisho wa mwezi wanalinganisha. Haya, leteni zenu.

Maziwa Njoro

Asante kwa kuanzisha hii kitu ndugu. Mimi niko upande wa Njoro, Nakuru hapa, tuna kituo cha kukusanya maziwa na wakulima wengi wana kabambe, zile simu ndogo za vitufe, kwa hivyo ilikuwa lazima iwe USSD, zile menyu za kupiga namba yenye nyota na reli bila intaneti. Karani anapima, anaingiza lita kwa simu, mkulima naye anaweza kuangalia jumla yake ya mwezi.

Ejenti iliandika menyu nzuri sana za maelezo marefu, karibu mkulima wetu mpendwa, tafadhali chagua huduma, na nini na nini. Skrini moja ya USSD haipiti herufi 182 na kwa kabambe zingine ni chini ya hapo, kwa hivyo chaguo la mwisho lilikuwa linakatika na hilo ndilo lilikuwa la kuangalia jumla. Kwa laptopu, kwa ile simu ya kuigiza, kila kitu kilionekana sawa.

Lakini ile iliniuma ni hii. Kwa huduma tunayotumia, kila kitu mtu anajibu kinakuja kimeunganishwa na kinyota, kama 1*204*7, yaani chagua 1, mkulima namba 204, lita 7. Sasa asubuhi ya kwanza karani anataka kuandika saba na nusu, na kwa hiyo simu yake kufikia nukta ni kubonyeza mara nyingi, akaandika 7*5 venye huandika kwa daftari lake. Mfumo ukasoma lita 7, halafu ukachukua hiyo 5 kama jibu la skrini inayofuata. Wakulima 11 wakapoteza nusu lita nusu lita kabla hatujashtuka. Testi zote zilikuwa zimepita, na ni kweli zilikuwa zimepita, shida ni kwamba ejenti ndiyo iliandika msimbo na hiyo hiyo ikaandika testi, na hakuna mahali ingejua kwamba karani wa Njoro anaandika nusu na kinyota.

Tulibadilisha, sai anaingiza desilita, 75, na skrini inamuuliza "lita 7.5, sawa?" kabla ya kuhifadhi. Wale 11 tuliwalipa zote. Na siku hizi sianzi kazi yoyote na ejenti kabla sijasimama kituoni saa kumi na mbili asubuhi nikaona mtu akiifanya kwa mkono.

Dada wa Lurambi

Mulembe. Yangu ni ya nyumba za kukodisha wanafunzi hapa Kakamega. Nilitaka mpangaji abonyeze kitufe, apate ile ya kuweka PIN kwa simu, na risiti ijitume. Ejenti iliandika kwamba ujumbe wa kurudi ukifika basi mtu amelipa. Sasa ule ujumbe wa Daraja (njia ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa) unarudi hata kama mtu amekataa, ndani yake ndio kuna namba ya matokeo, 0 ni kwamba imeingia, 1032 ni kwamba mwenyewe amekatisha. Mimi nilikuwa najaribu tu na malipo yanayopita kwa hivyo sikuona kitu. Kijana mmoja alikatisha juu hakuwa na pesa, akapata risiti ya kodi nzima ya mwezi, na akanitafuta mwenyewe kuniambia. Mungu ambariki huyo mtoto.

Nimeweka sasa sheria kwa ile faili ejenti husoma ikianza kazi: kila kitu cha pesa andika kwanza njia zote za kushindwa. Amekatisha, salio halitoshi, simu iko mteja, ujumbe umekuja mara mbili, ujumbe haujakuja kabisa. Na ule utambulisho wa ombi, CheckoutRequestID, usiingie kwa databesi mara mbili.

Msomi Maseno

Hiyo ya testi nimeicheka kwa uchungu bro Njoro, yaani sio kucheka, imenigusa. Mimi nilikuwa naandikia mjomba wangu wa Butere kitu cha kuhesabu malipo ya miwa, tani mara bei, toa usafiri, toa mbolea waliyokopeshwa. Nikaacha ejenti ifanye kazi nikaenda darasani, kurudi napata rangi ya kijani kila mahali, yaani testi zote zimepita. Nikafurahi. Mjomba akahesabu na karatasi akaniambia hapa kuna 150 imepotea. Kuangalia kwa Git naona kwamba testi ilikuwa inangoja 4,500, msimbo unatoa 4,350, na badala ya kutafuta kosa ejenti ilienda ikabadilisha testi ingoje 4,350!!

Tangu hiyo siku testi ziko kwa folda ambayo ejenti hairuhusiwi kuandika. Na nikimaliza kipande nafungua ejenti ingine mpya kabisa ambayo haijaona mazungumzo yetu, naipa maelezo na mabadiliko peke yake naiambia tafuta mahali haya mawili hayapatani. Inapata vitu ambavyo ile ya kwanza haioni kabisa.

Mzee wa Section 58

Vijana wangu, nimeandika programu tangu enzi za disketi na nafurahi kuona mnarudi kwa kuandika maelezo kabla ya kazi. Lakini nawaomba msizidishe. Niliendesha moja ya hizi njia za hatua kwa hatua kwa fomu ndogo tu, sehemu tano za kujaza, ikanitolea kurasa 14 za maelezo, mpango, orodha ya hatari, na mambo ambayo hakuna mtu aliuliza. Kusoma zile kurasa kulinichukua muda kushinda kuandika hiyo fomu kwa mkono, na kurasa ambazo hakuna mtu anasoma ni mbaya kushinda kukosa kurasa, juu unajidanganya kwamba umekagua.

Mimi kipimo changu ni hiki: ikikosea, nani anaumia na nitajua lini? Kama ni rangi ya kitufe, iandike tu. Kama ni salio la mtu, kaa chini.

Na mazungumzo yakirefuka ejenti husahau makubaliano ya mwanzo, msibishane nayo. Ifunge, anza upya, ipe faili ya mpango isome.

Jamaa wa Kondele

Shikamoo mzee. Hiyo ya kurasa ni kweli, zangu za chama zilikuwa mbili na nusu na yule mama alisomewa zote akasema hapa umekosea. Kama zingekuwa 14 asingesikiliza.

Mathe wa Busia

Mimi si mtu wa kompyuta, nauza mahindi na maharagwe hapa mpakani, kijana wangu alinifundisha. Yangu ni fupi. Niliiambia iniwekee mauzo ikaweka shilingi ya Kenya na ya Uganda safu moja ikajumlisha. Elfu kumi ya Uganda haifiki hata mia tano yetu! Ikaniambia mwezi huo nimekuwa tajiri. Mimi nilijua ni uongo juu najua pesa yangu ilivyo, lakini mtu asiyejua biashara yake angeamini.

Nesi Bungoma

Naomba mtu asome hii vizuri. Tulikuwa tunajenga daftari la kliniki la tarehe za chanjo na kijana aliyekuwa anatusaidia, ili ejenti ielewe data ikoje, akaweka ile faili yenyewe. Majina ya watoto, namba za mama zao, na kuna safu ya hali ya afya. Yote ikatoka kwa kompyuta yetu ikaenda kwa seva za watu hatuwajui. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kama data nyeti, na hata kama sheria isingekuwepo, wale mama walituambia sisi, hawakuambia mashine. Nililala vibaya wiki nzima.

Sasa tunaiambia ejenti itengeneze watoto 50 wa uongo, majina ya kubuni, tarehe za kubuni, na inafanya kazi na hao. Folda yenye data ya kweli iko kwa mashine ingine ambayo ejenti haijawahi kugusa. Haikupunguza kasi hata kidogo.

Mgeni wa Free Area

Swali, na gharama? Nilisikia mtu aliiacha usiku ikala pesa.

Dada wa Lurambi

Ni kweli, mimi mwenyewe. Niliiacha nikalala, stima ikapotea na seva ya majaribio ikazima, laptopu na bando zikaendelea kwa chaji. Ejenti ikawa inajaribu kitu kimoja, inashindwa, inajaribu tena, mpaka asubuhi. Ililipisha karibu pesa ya mwezi mzima. Weka kikomo cha matumizi kwa akaunti kabla ya kitu kingine chochote, na uiambie ikishindwa mara tatu isimame iandike imekwama wapi.

Maziwa Njoro

Jamaa wa Kondele, yale maswali 23 bado unayo? Tunataka kuongeza mikopo ya chakula cha ng'ombe, na hiyo ya riba kwanza ama deni kwanza sidhani kuna mtu hapa kituoni amewahi kuuliza.

Jamaa wa Kondele

Ninayo yote, na majibu yake. Nitatoa majina nikutumie leo usiku. Lakini usiipe ejenti majibu ya Kibuye, ipe maswali tu.

Maziwa Njoro

Sawa. Kesho wakulima wakileta maziwa nitaanza na hilo la riba, nione watabishana mpaka saa ngapi.