Kupiga picha mitaa yetu wenyewe kumekuwa uhalifu? Nimechoka na "kibali kiko wapi"

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuificha. Anayetaka lugha ya kubembeleza apite uzi mwingine.

Mimi si mwandishi wa habari. Si mpelelezi, si dalali wa viwanja, sina chaneli ya kutafutia wafuasi na harusi sipigi. Ni mtu wa ofisini, wiki nzima nabanwa na makaratasi. Jumapili asubuhi, wakati wenzangu wanakimbia kando ya bahari kupunguza vitambi, mimi nabeba kamera yangu natembea katikati ya Dar: Kisutu, Jamhuri, Mtaa wa India, Samora, natokea Kivukoni. Ikipatikana sikukuu ndefu natorokea Bagamoyo, Pangani au Tanga. Starehe yangu yote ni hiyo. Haina pombe, haina kelele, haimkopi mtu hela. Na ndiyo inayofanya nihojiwe kama kibaka.

Sikilizeni la juzi. Niko Samora, nimesimama kwenye njia ya waenda kwa miguu, ng'ambo ya barabara. Nalenga ghorofa moja la zamani, yale ya wafanyabiashara wa Kihindi: duka chini, watu juu, roshani ina kona ya mviringo, na mwaka wa kujengwa umechorwa kwa plasta juu kabisa karibu na paa. Dirisha moja la mbao limebaki ubao mmoja, wa pili umening'inia. Jua ndiyo kwanza linaugusa ukuta. Mara akatokea mlinzi, si wa jengo hilo, wa jengo la jirani. Kavuka barabara taratibu, hana haraka, kaja kuweka kiganja chake mbele ya lenzi. Sikusema karibu na lenzi. Juu ya kioo chenyewe, na alikuwa anakula mihogo ya kukaanga.

"Nani kakuruhusu?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani kakuruhusu?"

"Hapa ni barabarani, mzee wangu."

"Barabarani ndiyo, lakini jengo lina mwenyewe."

"Jengo lenu sijalipiga. Nimepiga lile pale."

"Na lile nalo lina mwenyewe. Futa."

Wakati tunabishana wakapita watalii wawili, mmoja kamera yake ni kubwa kuliko yangu mara mbili. Wakasimama palepale, wakapiga ghorofa lilelile, wakampungia mkono. Akawapungia, tena kwa tabasamu. Halafu akanigeukia mimi: "Nimesema futa."

Nilifuta. Si kwamba nilikubali hoja yake, ni kwamba alishaanza kuita wenzake kwa redio ya mkononi, na mimi nina mke na watoto wanaonisubiri na chai.

Sasa kwa wasiopiga picha, nieleze kwa nini dakika kumi na tano za ubishi wa namna hii ni hasara ya asubuhi nzima. Dar iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta. Jua letu halichomozi kwa kujivuta likilala upande kama kwa watu wa Ulaya, linapanda karibu wima. Ule mwanga laini unaotambaa ukutani na kuonyesha kila ufa, kila tabaka la rangi iliyobanduka, una saa moja hivi ya uhai, ukijumlisha na mawingu ya pwani hata hiyo saa huipati. Saa tatu ikigonga jua limeshapanda na kuwa kali, ukuta umekuwa mweupe pe, upande wa pili kivuli cheusi tii. Unarudi nyumbani. Kwa hiyo mlinzi akikushika saa kumi na mbili na nusu kwa "subiri bosi aje", amekunyima kila kitu, na bosi mwenyewe Jumapili haji.

Kabla hamjaanza kunijibu kwa "nchi ina utaratibu", utaratibu naujua. Ikulu hupigi. Kambi ya jeshi hupigi. Bandari, vituo vya polisi, kaa mbali. Ipo Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, inazungumzia maeneo yanayolindwa, na mimi sina ugomvi nayo. Nikivuka kwenda Kigamboni kamera inakaa kwenye begi, zipu imefungwa. Nikiona kibao kinakataza, nageuza. Magofu ya Kaole nalipa kiingilio changu, napewa risiti, naingia moyo mweupe. Nionyeshe kibao nitatii, nipe risiti nitalipa. Ninachokataa ni sheria inayotungwa mdomoni mwa mtu wakati ananitazama usoni kuona kama naogopa.

Na siku hizi wamejifunza msamiati mpya. Juzi kati kijana mmoja wa mapokezi katoka nje na shati lake limenyooka kunieleza habari za Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nilikuwa napiga ukuta. Ukuta wa chokaa, hauna jina, hauna namba ya simu, hauna kitambulisho cha NIDA. Taarifa binafsi za ukuta ni zipi jamani?

Halafu simu. Hapo ndipo uwongo wote unapojianika. Simama kwenye kipilefti cha Samora, pale kwenye Sanamu ya Askari, uhesabu wanaojipiga picha kwa simu, nyuma yao mabenki, maofisi, magari ya wakubwa. Hakuna anayewagusa. Simu nyingine za siku hizi zinavuta karibu kuliko lenzi yangu ya milimita 50 ambayo haivuti chochote, inabidi nitembee kwa miguu yangu. Lakini chombo kikiwa cheusi na kina mkanda shingoni, tayari wewe ni hatari kwa taifa. Kama kungekuwa na mtu mwenye nia mbaya kweli, mnadhani angekuja na mzigo wa kilo moja unaoonekana kutoka Posta hadi Mnazi Mmoja?

Mjini kuna afadhali. Kwenye miji midogo ya pwani, mambo ni mengine. Mji siutaji, na ofisi siitaji, mniwie radhi. Nimefika asubuhi, nimeanza kupiga mlango wa nakshi kwenye nyumba iliyobaki kuta tu: matumbawe na chokaa, boriti za mikoko zimechomoza juu kama mbavu. Mlango umebaki mzima peke yake, mnyororo wa maua umechongwa kwenye kizingiti, chini umeliwa na mchwa. Akaja mgambo. Twende ofisini. Ofisini nikaambiwa nilete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa ninakoishi. Mtaa ninakoishi uko Dar! Nikauliza barua hiyo imeandikwa kwenye sheria ipi, nikaambiwa "wewe unajifanya msomi". Tukakaa, tukatazamana, feni inalia. Mwisho nikaambiwa kwa sauti ya upole kabisa kwamba nikitoa elfu kumi ya soda mambo yatakwenda. Soda gani ya elfu kumi? Risiti nikaomba, wakacheka wote mle ndani.

Linganisha na mama mmoja muuza vitumbua hatua chache kutoka ofisi hiyohiyo. Nimemwamkia, nimenunua vitumbua, nimekaa barazani kwake, nikamuomba kumpiga picha akigeuza vitumbua kwenye chuma. Akajifunga kanga vizuri kwanza, akaniambia, "Mwanangu, nipige, lakini usinipige na hii ndoo iliyopasuka. Na picha uisafishe uniletee, msije mkaondoka nazo kama wenzio." Niliisafisha nikampelekea. Ameiweka ukutani. Kumbe makubaliano yanawezekana bila mhuri, na yule mama alikuwa na haki ya kunikatalia kuliko mlinzi yeyote, maana sura ni yake.

Hapo niwageukie na wapigapicha wenzangu, maana nanyi mnachangia. Nyie mnaofika soko la samaki Bagamoyo hamjasalimia mtu, mnawabandika lenzi usoni wavuvi wanaoshusha samaki. Nyie mnaopanga watoto mstari mnawagawia pipi ili wacheke. Nyie mnaopiga kina mama wa Pangani kwa siri kutoka ndani ya gari, halafu mnaandika chini yake maneno ya mahaba na machweo. Watu hawa waliona picha zao zikiuzwa kwenye kadi na kalenda tangu zamani, hawakupata hata nakala. Akija wa baada yenu anakuta milango imefungwa. Na mnaotoa hiyo elfu kumi kimyakimya ili msisumbuliwe, mmetupandishia bei sote.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki. Ukitaka leo kuiona Dar, Tanga au Bagamoyo ilivyokuwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, unakwenda wapi? Kwenye hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani. Alikuwapo Mjerumani mmoja, Walther Dobbertin, alizunguka na kamera yake nchi hii wakati wa mkoloni, na picha zake leo ziko mikononi mwa Bundesarchiv. Ukitaka zaidi unakwenda Marekani, chuo kikuu cha Northwestern, kule kuna mkusanyiko wa Winterton wenye maelfu ya picha za Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1860. Ile Sanamu ya Askari ya 1927 ilisimamishwa mahali palipokuwa na sanamu ya gavana Wissmann. Tunaijua sura ya ile ya kwanza kwa sababu kuna mtu alisimama barabarani akapiga picha, na sidhani kama kuna mlinzi aliyemuuliza barua ya mtaa.

Zanzibar angalau walibahatika. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, mwanawe Rohit akaendeleza, Mji Mkongwe ukapigwa na watu wanaoishi humohumo. Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, sehemu yake ya mbele na mnara wa saa vilianguka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Fundi anayetaka kujua ile roshani ilikaaje na nguzo zilipishana vipi ataangalia nini kama si picha? Na hilo ni jumba maarufu, limepigwa na kila aliyeshuka boti. Ghorofa langu la Samora lenye ubao mmoja wa dirisha, nani analo? Katikati ya jiji majengo ya aina hiyo yanavunjwa, unaondoka Ijumaa lipo, unarudi baada ya likizo unakuta mabati ya buluu na picha ya mnara wa vioo. Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli ya miaka ya 70, lile lenye paa kama miavuli ya zege, liliungua Julai 2021. Mlioko Dar, ni wangapi kati yenu mna picha nzuri ya ndani yake kabla ya moto? Mimi ninazo chache, na zote nilizipata kwa kujibanza, kwa sababu kila nilipoinua kamera kuna mtu aliniuliza natumwa na nani.

Tanga nisiwaonee. Ngamiani nimetembea barabara zile za namba kutoka moja hadi nyingine, baiskeli zinanipita, wazee wa bao wananiuliza "umepata?" badala ya "umeruhusiwa?". Kijana mmoja wa genge akanionyesha mwenyewe nyumba yenye mlango wa zamani. Sijui wana nini wenzetu, lakini waendelee hivyohivyo. Wa Mombasa na Lamu mnaopita humu, semeni na kwenu ikoje.

Mtaniambia "nunua simu nzuri uache kujitesa". Simu ninayo. Sitaki. Lenzi zangu kila masika napambana nazo zisiote kuvu kwa huu unyevu wa pwani, nazilaza kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko na vile vifuko vya chumvichumvi vya kwenye maboksi ya viatu, nikazilinda mpaka hapa. Siwezi kushindwa na unyevu wala chumvi ya bahari halafu nikashindwa na mtu mwenye kirungu na sahani ya mihogo.

Kwa hiyo wanasheria wa humu, swali langu ni moja na nataka kifungu, sitaki maoni. Nikiwa nimesimama kwenye barabara ya umma, hakuna kibao, sipigi eneo linalolindwa, mlinzi wa kampuni binafsi ana mamlaka gani ya kushika kamera yangu na kunilazimisha nifute picha? Na kama hana, kesi naifungulia wapi, polisi au mahakama ya mwanzo? Jumapili naenda tena Samora, na safari hii nataka niwe na hicho kifungu mfukoni.