Mrejesho: Mauzo kushuka licha ya punguzo la bei

Wakuu, niliuliza kwa nini mauzo yanashuka wakati natoa punguzo kila mara. Asanteni sana.

Aliyenipigia hesabu amenisaidia mno: kama faida ni asilimia 30 ya bei, ukishusha bei kwa asilimia 10 lazima uuze bidhaa mara moja na nusu ya ulizokuwa ukiuza ndipo ubaki na faida ileile. Nimeacha punguzo la kudumu. Wateja wachache wamekimbia, ila faida imepanda.

Kuwatumia ujumbe wateja wa zamani ndiko kumefanya kazi kuliko yote. Wengi wamerudi, wengine na ndugu zao.

Matangazo ya kulipia mtandaoni yamegoma: wanaopenda wengi, wanunuzi hakuna. Nimeyasimamisha hadi nijue hasa namlenga nani.