Corolla AE100 stata inazunguka vizuri ila haiwaki ikishachemka, pampu nimeshabadilisha

mkimbizi_wa_foleni
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana hapa nilipo kichwa kinauma. Nina Corolla AE100 ya mwaka 94, injini 5A-FE, otomatiki, huu mwaka wa sita niko nayo na haijawahi kunisumbua cha ajabu. Mwezi uliopita natoka Posta naelekea Mbezi, mchana, jua la kufa mtu, kufika Ubungo kwenye foleni ikazima kama mtu amekata swichi, haikukohoa wala kutetemeka. Napiga stata inazunguka vizuri tu, betri ina nguvu, ila haishiki hata kidogo. Vijana wakanisukuma pembeni (elfu tano ikaenda), nikakaa kama dakika 40 nakunywa maji, kujaribu tena ikawaka utafikiri hakuna kilichotokea.

Tangu siku hiyo ndo mchezo wake. Asubuhi ukigusa tu imewaka, ikishatembea nusu saa ukaizima sheli uweke mafuta basi umelala hapo hapo. Nikampelekea fundi, akafungua plagi akazikuta kavu, akasema mafuta hayafiki, pampu imekufa. Nikanunua pampu na filta, na ufundi juu yake laki na themanini yote ikaisha. Siku mbili ikawa poa, ya tatu ikanizimikia Kimara. Nimemrudia sasa anasema ni kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, nitafute nyingine. Kabla sijatoa hela tena nimeona niulize hapa. Af naomba msiniambie niuze.

samli77
Uza mkuu.

Natania bana. We si ndo wale wa kuweka ya elfu kumi elfu kumi, taa ya mafuta inawaka wiki nzima? Pampu inapozwa na petroli iliyoizunguka humo kwenye tenki, ukiiacha kavu inaungua. Na hiyo uliyouziwa inawezekana mtumba umeoshwa, rudi dukani ukawashe moto.

mkimbizi_wa_foleni
Ilikuwa kwenye boksi lake imefungwa, na tangu niinunue natembea na nusu tenki kwa uoga tu.

babu_wa_gia
Mdogo wangu kontrol boksi usinunue. Fundi akifika kwenye kontrol boksi bila kupima kitu ujue ameishiwa maneno.

Sikiliza. Stata inazunguka gari haiwaki, hapo kimekosekana kitu kimoja kati ya moto wa plagi, mafuta na taimingi (mpangilio wa injini unaoshikwa na mkanda). Taimingi itoe kabisa, mkanda ukikatika haujiungi wenyewe ukipoa. Umebaki na moto na mafuta, fundi wako akarukia mafuta kwa sababu kaona plagi kavu, na hapo ndo wengi wanaingia chaka. Hizi Toyota za EFI, yaani za kupuliza mafuta kwa kompyuta, kila ignaita (swichi ya umeme wa koili, na koili ndo inatengeneza moto wa plagi) ikifanya kazi yake inarudisha jibu kwenye kontrol boksi, kuna waya wake kabisa unaitwa IGF. Boksi isipopata hilo jibu inafunga nozeli zinazopuliza mafuta makusudi, ili petroli isijae kwenye silinda bila kuungua. Kwa iyo moto ukikata na mafuta yanakata, plagi utazikuta kavu kama za dukani na pampu yako ni nzima kabisa. Plagi zikilowa hapo ndo unajua mafuta yapo, zikiwa kavu hujajua kitu bado.

Siku ikigoma tena usipigie mtu simu. Fungua boneti tafuta kiboksi kidogo kimeandikwa DIAGNOSIS, kwenye mfuniko kwa ndani kuna majina ya matundu. Kipande cha waya, unganisha +B na FP, swichi ON bila kupiga stata, nenda siti ya nyuma usikilize. Pampu ikilia ziiii basi inafanya kazi. Zima swichi, hamisha waya uunge TE1 na E1, washa tena swichi angalia taa ya cheki injini. Ikipepesa haraka haraka mfululizo haijaandika kosa. Ikipepesa mara moja, ikatulia kidogo, ikapepesa nne, hiyo ni 14, jibu la IGF halirudi. Moja na mbili ni 12, boksi haioni injini ikizunguka, hapo utatafuta sensa ndani ya distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi. Matundu usichanganye tu, +B ina umeme, ukaigusishe na E1 utaunguza fyuzi uje tena hapa kulia.

mtu_wa_makupa
Mzee amesema kweli tupu. Mimi niko Mombasa, yangu ni Corolla 110, makanika wa kwanza alinibadilishia pampu vivyo hivyo. Na huo moto uangalie kwa macho pia, chomoa waya mmoja wa plagi, tia plagi nyingine, ilaze igusane na chuma cha injini halafu mtu apige stata. Lakini usiishike kwa mkono, mimi nilirushwa hata kofia ikaanguka. Na kama panatoka harufu ya petroli hapo usijaribu kabisa.

mkimbizi_wa_foleni
Wakuu mrejesho. Jana imenigomea Kibamba, mara ya kwanza maishani nafurahi gari kugoma. Nikafanya kama Babu alivyosema. Pampu inalia vizuri. TE1 na E1 nikaunga kwa pini ya nywele ya mke wangu, taa ikapepesa moja, kimya, nne. Nikarudia mara tatu, 14 tupu. Plagi niliyolaza kwenye chuma haina cheche hata ya kusingizia.

Leo gari imepoa nikafungua kava la distribyuta, kwenye hii koili imo humo humo ndani, nikaipima na ile multimita ya njano, vijino viwili vya praimari (waya wa kwanza wa koili) vinasoma omu 1.6. Sasa si nzima hiyo?

babu_wa_gia
Nzima ikiwa ya baridi. Gari yako inagomea baridini? Ipime ikiwa ya moto.

mkimbizi_wa_foleni
Haya nimechukua draya ya saluni ya wife, koili nimeitoa iko mezani, waya za multimita nimezibana na vibanio vya nguo. Nimepuliza kama dakika kumi hivi, ikapanda 1.7, 1.8, ikafika 1.9 halafu ghafla ikashuka ikaonyesha 1. Imekuwa nzuri zaidi au?

babu_wa_gia
Hahaha. Hiyo 1 imekaa peke yake kushoto kabisa haina nukta wala sifuri?

mkimbizi_wa_foleni
Ndiyo.

babu_wa_gia
Basi hiyo sio omu moja, hizo multimita za njano zinaandika hivyo kipimo kikizidi, kwa lugha nyingine waya umekata. Shaba ikipata joto inatanuka, mle ndani pana mahali pamekatika panagusana kwa bahati tu, ikichemka panaachana. Zima draya uiangalie ikipoa.

mkimbizi_wa_foleni
Daaah. Dakika saba imerudi 1.6. Yaani huyu mdudu ndo kanila laki na themanini.

samli77
Ok naomba radhi kuhusu elfu kumi elfu kumi 😂

mkimbizi_wa_foleni
Mrejesho wa mwisho. Nilienda Ilala kwenye spea za mtumba, nikabeba na draya yangu kwenye mfuko, nikamwambia muuzaji naomba umeme niipime koili ikiwa ya moto, akaniuliza nimekuja kununua spea au kusuka. Ya kwanza ilikata kama yangu, ya pili dakika ishirini imegoma kukata, nikaichukua elfu thelathini na tano. Nimechomoa fyuzi ya EFI kidogo kufuta lile kosa, nikairudisha. Sasa ni wiki ya pili, juzi nimeenda Morogoro na kurudi, pale Chalinze niliizima makusudi mara tatu kwenye jua, inawaka. Babu Mungu akuweke.

mtu_wa_makupa
Shukuru pia hukununua ile kontrol boksi. Mimi ninayo hapa kabatini, nilinunua.

samli77
Mkuu ile pampu yako ya zamani ipo? Yangu inalia kama mbuzi, kama ni nzima naichukua.

mkimbizi_wa_foleni
Fundi alibeba, alisema haina kazi tena anaenda kuitupa.

babu_wa_gia
Ameshaitupa kwenye gari ya mtu.